Mawe Niliyoyaosha

Nakumbuka siku moja nimechutama uani kwetu hapa Chumbi, beseni la maji mbele yangu, nasugua mawe ya watu kwa kumbi la nazi na kujiona mtoto wa maana kweli. Ningejua, mwanangu Salma, beseni lile ningelipiga teke.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa amempangisha chumba kijana wa chuo kutoka Dar, Kassimu jina lake, mpole, hana makuu. Kila asubuhi alikwenda korongoni, nyuma ya mashamba ya mpunga, akawa anachonga ukuta wa korongo tabaka kwa tabaka, akitoa visukuku: konokono na chaza wa bahari ya kale waliogeuka mawe. Bahari, hapa penye mahindi! Mie nilicheka mpaka nikakaa chini.

Hakukasirika. Akatoa mfukoni kijiwe chenye mdudu wa pingili kama jongoo.

"Huyu ni trilobaiti, dada Zuhura. Kwenu hapa hayupo, miamba yenu ni ya juzi kwake. Lakini kila aina yake iliishi zamu yake ikatoweka. Ukiikuta aina moja kwenye milima miwili iliyo mbalimbali, unajua matabaka yale yana umri mmoja. Nami nataka konokono wa hapa wanioneshe hivyohivyo, niyalinganishe matabaka ya korongo hili na ya milima ya Matumbi."

Chuo kilikuwa kinasubiri kazi hiyo ndipo kimpe shahada yake.

Mawe aliyapanga chumbani, fungu moja kwa kila tabaka, na kikaratasi cha namba juu yake. Siku aliyokwenda Ikwiriri kununua mahitaji, niliingia kufagia. Ee, tope gani lile! Nikayabeba yote uani, nikayaosha, nikayachambua kama ninavyochambua mchele: makubwa kwa makubwa, yaliyojiviringa peke yake. Vikaratasi nikavirudisha kwa kukisia.

Aliporudi akaduwaa mlangoni. "Umeyaosha? Kila jiwe limerudi kwenye fungu lake?"

"Ndiyo, kaka." Nilijibu upesi, maana nilishauona uso wake.

Akarudi chuoni na mawe yake. Masika yalipofika, Kassimu akaja tena, amekonda. Mwalimu wake alikuta konokono wa kale zaidi wameandikwa tabaka la juu, wa karibuni wako chini. Akamwambia hii kazi ya mzembe, nenda karudie. Tukamsindikiza korongoni, mimi na baba. Mvua ilikuwa imeuangusha ukuta wote, kimebaki kifusi. Kassimu akakaa palepale kwenye tope.

"Kosa langu, mzee," akamwambia baba. "Nilichanganya mwenyewe."

Nami nimesimama hatua mbili tu! Nikaona haya, nikamwogopa baba, nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake alfajiri akapanda basi.

Tulikuja kusikia ameacha mambo ya mawe kabisa. Kuosha nimeshajisamehe, sikujua. Lakini mtu yule aliondoka hapa akiamini yeye ni mzembe, na neno langu moja lingemrudishia heshima yake kwa mwalimu wake. Hilo linaniuma, wallahi, hata nikiwa kwenye mkeka wa sala.

Sasa Jumatatu unaanza kazi maabara, huko Dar. Chupa za watu zitafanana, mwanangu. Kitu cha mwenzio kilichopangwa, hata ukikiona kichafu, uliza kabla hujakigusa. Na ukikosea, sema hapohapo, mbele ya huyohuyo uliyemkosea, hata kama midomo inakutetemeka. Utafokewa. Fokewa, mwanangu, kisha ulale usingizi wako.

Mola akupe ulimi mwepesi pale wangu ulipokuwa mzito, na akulinde na majuto kama haya yangu. Na ukikutana huko na mzee aitwaye Kassimu, aliyewahi kupanga Chumbi, mshike mkono umwambie: aliyechanganya ni Zuhura.