Sufuria Iliyorudi Tupu

Fébronie aliikuta sufuria yake kizingitini, imesuguliwa hadi ikang'aa, ndani hamna kitu. Aliinusa. Sabuni tu.

Tangu Sydney ifungwe kwa sababu ya korona mwaka ule wa 2021, wanawake wa kanisa lao pale Campbelltown walikuwa wakipelekeana chakula na kukiacha mlangoni. Mwanamke aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kama yeye na rafiki yake Spéciose, harudishi chombo cha mwenzake kitupu. Hata chumvi iliyokunjwa karatasini ingetosha. Sufuria hii, aliyompelekea Spéciose, ilikuwa imerudi hivi tena na tena. Ni nani, basi, aliyekuwa akiirudisha?

Alipiga simu. Akapokea Térence, mume wa Spéciose.

"Shemeji, mwenzio ana mafua. Anajitenga."

"Mpe simu nimpe pole."

Ikaja sauti ya Spéciose, na karibu nayo pumzi za mtu mwingine. "Niko salama, dada." Simu ikakatika.

Mzee wa kanisa, Niyongabo, alipoelezwa alicheka. "Korona imekufanya askari? Watu wanaogopa kuambukizana, ndiyo maana hawatii kitu chomboni mwa mtu."

Maneno hayo yalikuwa na akili, na hilo ndilo lililomsumbua. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee, kuona michubuko na kuuliza imetoka wapi. Pengine ilikuwa imemharibu macho. Akikosea, atakuwa amemchafulia mtu jina katika jamii ndogo ambayo haisahau. Asipokosea, Spéciose amefungiwa na mtu anayempiga.

Asubuhi alivaa sare ya kazi na barakoa, akabisha hodi kwa Spéciose. Térence alifungua mlango kiasi cha kutoa uso.

"Amelala."

"Mwenye mafua lazima apimwe, shemeji. Nimekuja kumpeleka."

"Atapona."

"Sawa. Basi nitawaita wapimaji waje hapa. Huingia ndani na kumhoji kila mtu peke yake."

Hakuwa na hakika hata kidogo kwamba ndivyo wafanyavyo. Térence alimkazia macho, kisha akaitazama barabara. Mafua aliyatunga mwenyewe; sasa hakuwa na namna ya kuyakana.

"Mrudishe upesi," alisema.

Spéciose alitoka na kandambili, barakoa imepandishwa hadi kwenye kope, jicho moja limevimba. Gari la Fébronie likapita kona. Ndipo Spéciose alipotoa mfukoni karatasi ndogo iliyokunjwa.

"Chumvi yako, dada. Kila nilipoitia, aliitoa. Hii niliificha."

Fébronie aliipokea, akaitia mfukoni mwa sare.

"Tutarudi saa ngapi?" Spéciose aliuliza. "Anasema polisi watanitoza faini nikionekana nje."

"Anayekimbia kipigo anaruhusiwa kutoka. Sheria yenyewe ya kufungiwa inasema hivyo."

"Una hakika?"

"Hilo nina hakika nalo."

Spéciose alishusha barakoa. Fébronie akakipita kituo cha kupimia bila kupunguza mwendo, akashika njia ya kituo cha polisi.