Mjane Aliyekataliwa Kufa Manika

Miaka kumi na tisa, jamani! Kuna watu hapa Kolwezi wamechimba, wametajirika, wamefilisika na kutajirika tena, na Mukalay bado anaandika kitabu kilekile. Si cha shaba wala kobalti. Ni tasnifu ya udaktari juu ya michezo ya kuigiza ya Ulaya ya miaka mia nne iliyopita, hasa juu ya makabwela waliosimama uwanjani kuitazama. Ukimuuliza faida yake, atakueleza mpaka ujute.

Mwaka huu maji yakazidi unga. Profesa Mushiya wa Lubumbashi, msimamizi wake, anastaafu mwisho wa mwezi, na hakuna mwingine anayeitaka kazi hiyo. Bila sahihi yake hakuna udaktari. Na chuo kimeshasema, mwalimu msaidizi asiye na udaktari akifika miaka hamsini na tano afungashe virago. Mukalay ana hamsini na nne. Valérie, mkewe, ameacha kumuuliza. Anamtazama tu, na hilo linamuuma kuliko matusi.

Profesa alikuwa na swali moja: unajuaje watu wale wa zamani walikuwaje? Mukalay akaapa kumwonyesha kwa macho. Angeigiza mchezo wa kale mbele ya wachimbaji na mama wa soko, watu wasiofundishwa kukaa kimya. Tasnifu yake yote inasimama juu ya neno moja: kwamba watazamaji walizomea, walilia, walirusha maganda, lakini waliuacha mchezo ufike mwisho, kwa sababu kila mtu duniani anajua mchezo ni mchezo.

Basi Jumamosi mchana ukumbi wa parokia, hapa mtaani Manika, ukafurika, Profesa ameketi mbele kabisa. Hadithi ilikuwa ya mjane tajiri anayenyongwa na ndugu wawili wa marehemu mumewe. Ili watu waelewe, Mukalay akamvalisha mwanafunzi wake Jémima kama mjane wa kwetu kabisa: kitambaa kichwani, miguu peku, amekaa chini kwenye mkeka. Alijiona mjanja, maskini!

Ndugu wakaingia na kamba. Watu wakazomea, na Mukalay akamtupia Profesa jicho la furaha. Ndipo Mama Honorine, muuza unga, aliposimama.

"We! Kilio haiyaisha, unamugusa?"

Kwetu mjane akiwa kwenye mkeka haguswi na mtu mpaka kilio kiondolewe, awe shemeji, awe chifu. Mama Honorine akapanda jukwaani, akaketi kando ya Jémima, akamshika mkono. Wamama wengine wakamfuata. Wachimbaji wawili wakawanyang'anya wauaji kamba, kwa heshima zote, wakawaambia watoke nje wapumue.

"Bamama, ni mchezo!" Mukalay akapiga kelele. "Ni mchezo tu!"

"Tunajua, tata," Mama Honorine akajibu. "Hata mu mchezo, hapana."

Akasihi, akapiga magoti, wapi! Alipogeuka, Profesa alikuwa anaelekea kwenye gari. Akamkimbilia.

"Mukalay," Profesa akasema, bila ukali wowote, "mi nilikuja kusaini. Lakini batu bako bamekukatalia mbele yangu. Kama bo banaweza kusimamisha mchezo, utaniambia nini juu ya bale ba zamani? Andika upya."

"Mu juma mbili, Tata Profesa?"

Mzee akamshika bega, akaingia garini.

Mukalay akarudi ukumbini. Hakuna aliyekuwa ameondoka. Wamama walikuwa bado wamemzunguka Jémima, wameanza wimbo wa kilio, wa taratibu, na wachimbaji wamekaa sakafuni wakiitikia. Alitaka kuwafukuza wote. Badala yake akaketi chini na kulia kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi. Wakamsogezea nafasi. Hakuna aliyemuuliza analilia nini. Kwenye kilio mtu haulizwi.