Baraka ya Tumbaku

Siku hiyo tulikuwa wanne: mimi, wadogo zangu Nakiru na Ekai, na Madam Esta, mshauri anayetoka Lodwar kuja kwetu Kakuma kutibu watu kwa kuwatuliza kama walio usingizini.

Wazazi walipofariki niliacha shule nikawalea hawa wawili. Mawazo yaliponizidi nilitafuna tumbaku na kuwafokea, hata Nakiru akaanza kufunga nguo zake ahamie kwa shangazi yetu huko Lokichar. Ndipo nilipokubali tiba. Madam alinipa sharti moja: nije na mdomo mtupu.

Nikaja na bonge la tumbaku shavuni. Nilidhani nitalala fofofo, na mtu aliyelala nani atamchungulia mdomo?

"Funga macho, dada. Vuta pumzi ndani kabisa," Madam akaniambia.

Kumbe hulali, unasikia kila kitu. Nilivuta pumzi, tumbaku ikaniingia kooni, nikaikohoa yote kwenye blauzi yake nyeupe.

"Amekubariki, Madam," Ekai akawahi kunitetea. Kwetu Waturkana, wazee humbariki mtu kwa kumtemea mate ya tumbaku.

Madam akajifuta polepole. "Mimi pia ni Mturkana, Ekai. Baraka hiyo hutoka kwa wazee. Dada yako amezeeka lini?"

Nakiru alicheka mpaka akaketi chini. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Madam hakunifukuza. Alinipa maji nisukutue, akasema, "Sasa mdomo ni mtupu. Tuanze."

Nakiru hakuenda Lokichar. Kwa hilo Madam Esta ananidai, na mpaka leo sijapata cha kumlipa.