Alama ya Penseli kwenye Mayai ya Chatu

Watu wa Lurambi humkumbuka Osiako pale tu nyoka anapoingia jikoni. Siku nyingine humpita kando, na wapo wanaokataa hata kumpa mkono. Yeye hajali. Kibali chake cha kufuga nyoka amekitundika ukutani, na kwa miaka ishirini na sita amekuwa akiitwa huku na kule kuwaokoa viumbe ambao mara nyingi huwakuta wameshapondwa vichwa.

Mwezi wa pili aliitwa Musanda, kwenye shamba la miwa lililochomwa kabla ya kuvunwa. Alikuta chatu jike amepigwa rungu mgongoni, tumbo limejaa mayai. Akambeba kwenye gunia hadi nyumbani, akampa jina Kukhu, yaani nyanya kwa Kiluhya, akamuuguza siku kumi na sita. Ya kumi na saba Kukhu akataga mayai ishirini na mawili. Ya kumi na tisa akafa. Osiako alimzika nyuma ya zizi na akalia waziwazi, mzee mzima wa miaka hamsini na minane.

Yalibaki mayai, na Osiako aliapa kwamba safari hii hatazika tena. Alitafuta friji mbovu, akaitoa mashine, akafunga balbu mbili na kifaa cha kuzizima joto likizidi. Chini akaweka beseni la maji, juu yake trei za vumbi la mbao lenye unyevu. Kila yai alilitia msalaba wa penseli upande wa juu. Yai la nyoka si la kuku, ambalo hutiwa alama ili ligeuzwe kila siku. Likishatulia, mtoto hujishikiza juu, na ukiligeuza umemuua. Msalaba ulikuwa wa kumkumbusha upande upi ukae juu mpaka mwisho.

Mkewe Jescah hakuwa amekanyaga chumba cha nyoka, ilimokaa friji hiyo, tangu kijengwe. Yeye ni mtu wa kuku, na vifaranga vyake hununuliwa mpaka Lumakanda. "Huko kwako siingii, na hao wageni wako wasije kwangu," alimwambia mumewe zamani hizo, na neno lake lilikuwa neno. Walikula meza moja, wakalea binti yao Namalwa, lakini habari za nyoka hazikuzungumzwa kabisa.

Mayai yalikuwa na siku tisa Osiako aliposhikwa na kibole. Alipasuliwa hospitalini mjini, akalazwa siku kumi. Akiwa kitandani alimshika Jescah mkono, akamsihi. Maji yasikauke. Balbu zisizime. Mlango usiachwe wazi. Alisema yote isipokuwa moja, kwa sababu kwake halikuwa jambo la kusemwa, na maumivu yalimsahaulisha anazungumza na nani.

Aliporudi, ameinama kwa ajili ya mshono, Jescah alimshika kiwiko akampeleka chumba cha nyoka moja kwa moja, hata chai hajanywa. Kulikuwa kumefagiliwa. Kidole kimoja cha Jescah kilikuwa kimefungwa kitambaa, pale balbu ilipomchoma.

"Baba Namalwa, kuja uone. Hii mayai yako nimechunganga kama yangu. Niliogopa, we! Lakini nilipoona umeweka alama, nikajua kumbe ni kama ya ingokho, hawa kuku wangu tu. Nikageuza asubuhi, saa sita na jioni. Hakuna siku niliruka."

Osiako alichungulia. Hakukuwa na msalaba hata mmoja uliokuwa juu.

Alitaka kupiga kelele, amwambie aliyowafanyia watoto wa Kukhu. Kisha akakiona tena kile kidole.

"Umefanya vizuri, Mama Namalwa," alisema. "Sasa nitaendelea mimi. Wewe umechoka."

Lakini Jescah hakurudi kwa kuku wake tu. Kila jioni alikuja na kigoda chake, akaketi mbele ya friji, akauliza yale ambayo hakuwahi kuuliza: chatu hula nini, wakianguliwa watapelekwa msitu upi, hulia? Osiako alimjibu yote. Katika chumba kile walizungumza kuliko walivyozungumza miaka mingi, na kila neno lilimuuma. Mayai yalibonyea, yakaota ukungu, moja baada ya jingine, naye aliyatoa akijipa moyo kwamba labda moja limenusurika. Siku ya themanini alipasua la mwisho kwa mkasi. Ndani alikuwamo chatu aliyekamilika, madoa yote mahali pake, amekufa.

Jescah alilia kama aliyefiwa.

"Ni stima," alisema. "Ile Jumanne ilipotea sana."

"Ni friji yangu," Osiako alisema. "Niliiunda vibaya."

Jescah alijifuta macho kwa leso, akamwekea mumewe mkono mgongoni.

"Usijilaumu, baba. Utaunda ingine. Na ukipata mayai, usingoje mpaka ulazwe ndiyo uniite. Nitageuzanga mwenyewe, tangu siku ya kwanza."

"Sawa, mama," Osiako alisema, na akachomoa waya ukutani.