Barua ya Lodu kwa Chuo

Afedra wa Pajulu, karibu na mji wa Arua, aliendesha bodaboda miaka saba, na stendi nzima ilimsifu kwa jambo moja: hakuwahi kukataa kubeba majeruhi. Huku kwetu mtu akigongwa humwagiwa maji, akanyanyuliwa, akakalishwa kwenye pikipiki katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia kwa nyuma, kisha mbio hospitali. Anayesema tungoje ambulensi huonekana hana utu.

Mwaka huu akaamua kusomea kazi ya ambulensi. Chuo kimoja cha Arua kilitaka alama nzuri za biolojia, nazo alikuwa nazo, kozi ya wiki mbili ya huduma ya kwanza, na barua kutoka kwa mtu ambaye mwombaji aliwahi kumsaidia. Barua haikumtia wasiwasi. Lodu, mfanyabiashara aliyetoka Sudan Kusini, aligongwa na lori barabara ya Koboko miaka mitatu iliyopita, na Afedra ndiye aliyemfikisha hospitali akiwa hai. Tangu hapo Lodu anauza sabuni sokoni Koboko, kwenye kiti cha magurudumu.

Siku ya nne ya kozi mwalimu wao, Rosina, alimlaza mwanafunzi mmoja sakafuni akaeleza habari za uti wa mgongo uliovunjika.

"Mtu kama huyu ukimkalisha kwenye boda," alisema, "unaweza kumpoozesha miguu wewe mwenyewe."

Wenzake waliandika. Afedra aliweka kalamu chini: hivyo ndivyo alivyombeba Lodu. Aliona aibu, halafu hofu, na hofu ilikuwa ya kuikosa barua. Nasema hivyo kwa sababu alikiri mwenyewe.

Jumamosi alikwenda Koboko. Angeweza kuichukua barua akanyamaza, na nani angejua? Alikaa juu ya katoni ya sabuni akamweleza Lodu yote.

"Mimi iko najua," Lodu alisema. "Daktari aliniambia siku ya pili."

"Na miaka yote hii hukusema, ndugu yangu?"

"Wewe nakuja kuona mimi kila mwezi. Kama mimi nasema hiyo maneno, wewe nawacha kuja. Leta karatasi."

Aliandika polepole kwa Kiingereza, akampa bila kuikunja. Afedra aliisoma palepale:

"Magari matatu yalinipita, huyu akasimama. Alinibeba vibaya na sasa sitembei. Mfundisheni, maana hata mkimkataa, kesho akiona mtu ameanguka atambeba tu."