Fundi Majidi na Kompyuta Iliyopandishwa Cheo

Fundi Majidi wa mtaa wa Gongoni, Tabora, alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kutoa kitu mkononi mwake kabla hajakijaribu. Mtu wa Kwihara akimletea baiskeli iliyopinda ringi kwa kubebeshwa magunia ya mpunga, ataijenga spoki kwa spoki, ataipindua miguu juu, kisha atazungusha gurudumu mpaka mwenye mali achoke kusubiri.

"Fundi, si imepona?"

"Imepona kwako. Kwangu bado."

Atazungusha tena, kichwa kakiinamisha pembeni, anasikiliza. Siku una haraka utamchukia, lakini gurudumu la Majidi haliyumbi, hilo hata wabaya wake wanakiri.

Sasa huyu bwana alikuwa mgane. Mkewe alifariki, binti yake Ibtisam akapata kazi Dodoma, na yeye akabaki na minyororo yake ya baiskeli na nyumba kubwa ya udongo aliyoachiwa na baba yake. Nyuma ya nyumba hiyo, ukutani kabisa, upande wa uchochoro, palikuwa na meza ya chai na vitumbua ya Bi Khole, mjane mwenye macho ya kucheka na mkono mwepesi wa kumimina. Miaka na miaka Majidi alizunguka nyumba kila asubuhi kwenda kunywa chai hapo. Na katika miaka yote hiyo neno zito alilomwambia lilikuwa, "Sukari kidogo."

Usicheke. Babu zao hawa wawili walifika Tabora na misafara, wakazungumza na watu wa kila lugha kutoka pwani hadi Ujiji, wakauziana kila kitu kinachobebeka kichwani. Mjukuu wao akashindwa kumwambia mama mmoja jambo moja kutoka hatua mbili.

Angeshindwa mpaka kufa, kama si Tobia. Tobia ni kijana wa Ulyankulu anayeendesha bodaboda, na mdomo wake hauna breki. Jumatano alipita kwa fundi kujaza upepo akasema, kama anayesema mvua itanyesha, kwamba Selemani, mfanyabiashara wa asali wa Sikonge, mwenye lori, anatuma mshenga kwa kaka yake Bi Khole. Ijumaa, baada ya swala ya alasiri.

Pampu ilimdondoka Majidi mkononi.

Kumbe naye angeweza kutuma mshenga. Lakini hapo ndipo ugonjwa wake ulipomkamata: ampeleke mtu kuposa bila kujua mwenyewe Bi Khole ana moyo gani? Hapana. Kwanza aseme naye kwa mdomo wake. Na kabla ya kusema, maneno yajaribiwe.

Ndani, chumba cha nyuma, alikuwa na kompyuta ya mezani ambayo Ibtisam alimletea ili waonane usoni kila Jumapili. Majidi alijua kuifanyia mambo matatu: kumwona Ibtisam, kucheza karata, na kurekodi sauti. Basi jioni ile ya Jumatano akajifungia akarekodi maneno yake kwa Bi Khole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kila mara kwa mtindo wake. Shauri lake lilikuwa kuyasikiliza kama anavyosikiliza gurudumu, apate kujua yanayumba wapi.

Alipomaliza, kompyuta ikamletea dirisha dogo lenye maneno. Kwa miezi ilikuwa inamwomba ruhusa ya kupandisha mfumo wake uwe mpya, naye kwa miezi alikuwa anabonyeza "Baadaye", kama mtu anayeahidi kumtembelea shangazi. Safari hii hakusoma. Alidhani anaulizwa kama sauti zake zihifadhiwe. Akabonyeza "Sawa".

Kioo kikawa cheusi. Kiduara kikaanza kuzunguka. Majidi akakitazama kwa muda na, kwa haki, akakisifu kwamba hakiyumbi. Kisha akaenda kulala.

Alhamisi asubuhi kompyuta ilikuwa imepandishwa cheo, na ilijijua. Picha ya watoto wa Ibtisam ilikuwa imeondolewa, mahali pake pamewekwa mlima wenye theluji ambao hakuna mtu wa Gongoni aliyeuomba. Karata zimehamishwa. Printa, iliyokaa nayo meza moja tangu siku ya kwanza, iliambiwa haijulikani. Vivyo hivyo hufanya binadamu: akipewa ofisi yenye kapeti hawakumbuki aliokula nao ugali. Lakini zile rekodi nne zilikuwepo, na Majidi akamshukuru Mola.

Akafunga dirisha lisije likapitisha neno nje. Akafunga mlango. Akawasha feni lake kuukuu linalonguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Ndipo akabonyeza rekodi ya kwanza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Mshale ulikuwa unatembea, dakika zinahesabika, sauti hakuna.

Hapa nikuibie siri ambayo fundi hakuwa nayo. Sauti haikupotea. Ibtisam alipoleta kompyuta alileta pia spika ndogo nyekundu, ile isiyo na waya, yenye redio ndani yake, akaiunganisha, kazi ikaisha. Majidi hakuipenda, akaona heri ampe Bi Khole awasikilizishe wateja wake taarifa ya habari. Sasa kompyuta katika ukubwa wake mpya iliikana printa, ilimkana kila mtu, ila spika ikaikumbuka. Ikaitafuta, ikaipata upande wa pili wa ukuta, ikaikamata.

Kwenye meza ya chai redio ilikuwa inasoma bei ya tumbaku. Bei ikakatika. Spika ikakohoa, ikasema kwa sauti ya mtu anayeingia msibani:

"Assalaam alaykum, Bi Khole."

"Wa alaykumu salaam!" wakaitika watu wote mezani. Salamu haiachwi, hata ikitolewa na nani.

"Habari za asubuhi? Za nyumbani? Za kaka? Za wateja? Na ule mkono uliounguzwa na mafuta mwezi wa Shaabani, unaendeleaje?"

Bi Khole akautazama mkono wake. Ulikuwa umepona zamani, na hakukumbuka kumwambia mtu.

"Na kuku?" ikauliza spika. Ikakohoa tena. "Haya. Tuonane." Ikanyamaza. Ndiyo ilikuwa rekodi ya kwanza yote.

"Huyo si Fundi Majidi?" akasema Tobia, akainama kuchungulia chini ya meza.

Na ndani, fundi anapiga simu Dodoma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ibtisam, kompyuta yako imepandisha mfumo imekuwa bubu."

"Ulikuwa unasikiliza nini?"

Majidi alikuwa hajajiandaa kwa swali hilo. "Mawaidha," akasema.

"Ya nani?"

"Ya mzee mmoja."

"Basi chezesha hayohayo mawaidha, tutajaribia. Pandisha sauti mpaka mwisho. Mpaka mwisho kabisa, baba, usiionee huruma."

Hakuionea huruma. Akapandisha mpaka mia, akabonyeza rekodi ya pili, ile aliyoisema kwa sauti ya ofisa wa wilaya kule Isikizya anayefungua mkutano wa hadhara.

"NDUGU KHOLE BINTI AZAN!" Vikombe vikatikisika. Mpita njia akashuka kwenye baiskeli. "KWA HESHIMA NA TAADHIMA, NAOMBA KUWASILISHA KWAKO HOJA INAYOHUSU MUSTAKABALI WA PANDE ZOTE MBILI..."

"Ipite!" akapiga kelele muuza mkaa.

"Hujaijua hata hoja yenyewe," mwenzake akamkemea.

"Husikii kitu, baba?" akauliza Ibtisam.

"Sisikii kitu. Nasikia watu wanapiga kelele uchochoroni, sijui wamefumania mwizi."

Ibtisam akamwambia azime, asubiri, awashe. Majidi akazima. Kule nje redio ikarudi kwenye bei ya tumbaku, na mtaa mzima ukalalamika kwamba warudishiwe Majidi. Watu walishaongezeka. Waliokuja kununua kitumbua kimoja waliongeza cha pili ili wasionekane wamesimama bure. Tobia, ambaye sifa yake si busara lakini siku hiyo alijaribu, akanyoosha mkono.

"Mama, niizime hii? Fundi anajiaibisha."

"Wewe shika kikombe chako," akasema Bi Khole. "Spika yangu, chaji yangu."

Kompyuta ikawaka. Majidi akajaribu rekodi ya tatu, ile ya mafumbo ya kazi yake. Uchochoro ukasikia kwamba mtu peke yake ni gurudumu moja, na gurudumu moja haliwezi kufika hata Tura, hata likiwa limepakwa grisi. Wazee wawili wakaanza kubishana kama aliyesema ni gurudumu la mbele au la nyuma, wakanyamazishwa. Bi Khole alikuwa ameacha kitumbua kikaungua, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu meza ile iwekwe.

Ibtisam akamwelekeza baba yake kwenye kitufe cha kutafuta hitilafu. Kompyuta ikajitafuta yenyewe, ikajipapasa, ikaleta jibu: hakuna tatizo lililopatikana.

"Hakuna tatizo!" Majidi akaja juu. "Yaani mimi ndiye tatizo? Imekaa hapa, bubu kama gogo, inasema haina tatizo?"

"Usigombane nayo, baba. Chezesha tena mawaidha halafu ubonyeze kile kialama cha spika pale chini, unisomee jina lililoandikwa."

Ilikuwa imebaki rekodi ya nne. Hiyo aliirekodi mwisho, akiwa amechoka na ufundi wote wa maneno, na hata yeye hakukumbuka vizuri alisema nini. Akabonyeza.

"Bi Khole," ikasema spika, na mtaa ukatulia. "Mimi sijui kupanga maneno. Tangu mama Ibtisam afariki, nyumbani nasikia nyayo zangu tu. Asubuhi nakuja hapo si kwa ajili ya chai. Chai yako, unisamehe, ina tangawizi nyingi mno. Nakuja kwa sababu ukinimiminia unaniuliza nimelalaje, halafu unasubiri nijibu. Hakuna mtu mwingine anayesubiri nijibu. Nami kila siku nasema 'salama', nakwenda zangu, na si kweli. Kwa hiyo, Bi Khole, naomba..."

Spika ikalia tii-tii-tii, ikazima. Chaji imekwisha.

Muuza mkaa akapiga meza ngumi. Mama mmoja aliyekuwa analia kwenye kanga akaacha kulia akatukana. Bi Khole yeye alifuta mikono, akavua aproni.

"Umeona jina, baba?" Ibtisam anauliza ndani.

"Imeandikwa herufi na namba. Lakini sasa hivi imefutika."

"Herufi na namba? Ah! Hiyo ni ile spika nyekundu niliyokuletea. Kompyuta imeamka ikaishika yenyewe. Sauti ilikuwa inatokea huko muda wote. Spika iko wapi, baba?"

Majidi akatembea mpaka dirishani, akalifungua upana wa kidole, na uchochoro mzima ukamtazama kwenye hicho kidole. Mtu mmoja akampungia.

Akafunga dirisha.

"Baba? Mawaidha yanasikika?"

"Yamesikika," akasema Majidi, akakata simu.

Aibu ilimpanda mwilini kama homa. Alifikiria kuruka ukuta wa uani. Alifikiria kupanda treni akashukie Tura, akae huko kwa mtu yeyote mwenye baiskeli mbovu mpaka kizazi hiki kipite. Alikuwa anatafuta kandambili zake ili akimbie mlango ulipogongwa.

Alikuwa Bi Khole. Nyuma yake, mpaka kwenye kona ya uchochoro, walikuwa watu wote wa chai na vikombe vyao mkononi. Na katika vikombe vyote hivyo hakuna aliyekuwa anakunywa.

Watu walimwona mtu mzima ametoa macho kama kuku aliyemwagiwa maji.

"Kidude kimezima," akasema Bi Khole. "Ulikuwa umefika kwenye 'naomba'. Nimekuja kujua unaomba nini."

Hapakuwa na pa kujaribia. Hapakuwa na kitufe cha kurudia wala cha kufuta, na mwanamke amesimama mlangoni kama alivyokuwa akisimama kila siku baada ya kumuuliza amelalaje: anasubiri jibu. Neno likatoka hivyohivyo, bichi.

"Nakuomba nikuoe."

Lilitoka dogo, hata panya asingegeuka. Bi Khole akainamisha kichwa pembeni, anasikiliza. Kisha akatazama nyuma, akamrudia.

"Sema tena. Kule mwisho hawajasikia."

"Bi Khole, watu wote hawa!"

"Si umekuwa ukiwaambia tangu asubuhi? Leo unawaonea haya?"

Majidi akavuta pumzi, ile ya kuinua baiskeli yenye mzigo.

"NAKUOMBA NIKUOE, BI KHOLE! NA SELEMANI ABAKI NA ASALI YAKE!"

Mbwa wa jirani akabweka. Tobia akapiga honi. Bi Khole alijifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu, na mpaka leo wanaobishana uchochoroni hawajakubaliana kama alikuwa anacheka au analia. Alipoufunua uso, macho yake yalikuwa na maji.

"Mshenga wako aende kwa kaka yangu kesho," akasema. Alishageuka kurudi kwenye vitumbua vyake, akasimama. "Asubuhi, Majidi. Usije ukakaa kumjaribu mpaka alasiri."