Usifagie Kabla Hatujaona Nyayo

Asubuhi moja ya Kwaresima, mwanangu, naikumbuka kama ya jana. Nimesimama uwanjani kwa shangazi yangu Veronika, kule Chilangala ya Newala, ufagio mkononi, mchanga wote umechorwa mistari mizuri, na shangazi yuko mlangoni ananitazama kana kwamba nimemchomea nyumba. Sikuelewa nimekosa nini. Na wewe usicheke, maana kosa hilohilo ndilo lililokuleta hapa umenuna, simu mkononi, ukisema watu wa mtandaoni ni wajeuri, umewaomba msaada nao wanakuuliza maswali.

Ngoja nikuanzie mbali kidogo. Chai bado ya moto, na sisi watu wazima hatujui kusimulia kwa mkato.

Wakati huo nilikuwa msichana, kazi yangu kuchapa kwenye steshenari moja hapa Masasi. Mume wa shangazi, Mwalimu Lukas, alikuwa amefundisha kwaya tangu sijazaliwa, na kichwani mwake mlijaa nyimbo za Kimakonde ambazo hazikuandikwa popote. Macho yake yalikuwa yanafifia. Siku moja akaniambia, "Anastazia, nyimbo hizi nataka nizione kitabuni kwa macho yangu mwenyewe, Pasaka hii. Pasaka ya mwakani sijui kama nitauona hata mlango." Akanipa sharti moja tu, kwamba kati ya ubeti na ubeti niache nafasi. Sikumuuliza kwa nini.

Basi nikawa napanda Newala kila nipatapo nafasi, yeye anaimba, mimi naandika, nikirudi Masasi nachapa. Kazi ilipokaribia kwisha, kompyuta ya dukani ikafa. Fundi aliifufua, faili akaliokoa, lakini lilirudi limevurugika, kila mstari umekatwa katikati, nusu iko juu na nusu iko chini. Kuziunga nyimbo zote zile kwa mkono kungenifikisha Krismasi. Lakini nilikuwa nimeanza kujifunza skripti kwa kudokoadokoa, yaani yale maagizo mafupi unayoiandikia kompyuta ili ifanye kazi ya kuchosha badala yako. Nikaiagiza iunganishe mistari iliyokatika, ila ikikuta mstari mtupu iuache, kwa kuwa hapo ubeti umekwisha.

Ikaunganisha kila kitu. Beti zote, nyimbo zote, za Noeli na za mazishi, zikawa mstari mmoja usio na mwisho. Nikayasoma maagizo yangu mpaka macho yakauma, nisione kosa. Nikajilaumu mwenyewe, nikailaumu kompyuta, mwisho nikawaza labda mashine hizi hazikipendi Kimakonde.

Kuuliza si ujinga, nikaingia kwenye jukwaa moja la mtandaoni ambako watu husaidiana mambo hayo. Sasa wewe unajua tulivyolelewa: mgeni haitwi mpaka uwanja umefagiwa. Nyimbo zimekatikakatika, lugha yenyewe hawaijui, niwaanikie watu wa nchi za mbali aibu ile? Nikakaa nikachapa mfano mpya kabisa, beti chache za Kiswahili, safi kama sare ya Jumatatu. Nikaanza na salamu kwa Kiingereza changu cha shule, nikawauliza habari za familia zao, nikaomba radhi kwa kuwasumbua, na mwisho kabisa ndipo nikaweka swali.

Wakajibu kwamba kwao skripti yangu inafanya kazi bila tatizo. Nikaujaribu mfano ule dukani, na kweli, beti zikatoka zimetengana vizuri. Nikalijaribu faili la Mwalimu, zikagandamana tena. Skripti ileile, kompyuta ileile! Mwanangu, nilichanganyikiwa, nikadhani wananicheza shere. Kisha mmoja wao akaandika, bila hata habari za asubuhi, "Mfano hautusaidii. Tuonyeshe kipande cha faili lenyewe." Nikasema moyoni, huyu hakufunzwa na mamaye. Nikaifunga kompyuta, nikapanda gari la Newala kwenda kumwambia Mwalimu kwamba kitabu hakipo.

Nilipofika nilishindwa kusema. Mwalimu alinipokea kwa furaha, akaniuliza jalada litakuwa la rangi gani. Nikajibu la buluu. Mungu anisamehe.

Kulipokucha nikaamka kabla ya wenyeji, kama inavyompasa mtoto wa kike aliyekwenda kwa shangazi yake, nikafagia majani ya mkorosho mpaka uwanja ukang'aa. Ndipo shangazi akatoka.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. "Nani kafagia hapa?"

"Mimi, shangazi."

"Kuku wangu wamechukuliwa. Nimewasikia wakilia, nikasema kukikucha nitazame nyayo, nijue ni kicheche, au mbwa, au mtu mwenye miguu miwili. Haya, sasa nitazame nini? Mistari ya ufagio wako?"

"Nilitaka pawe pasafi kabla watu hawajapita."

"Pasafi! Wewe mtoto, anayetafuta mwizi hafagii. Nyayo umezifuta mwenyewe, halafu nani atakusaidia kutafuta?"

Shangazi hajawahi kuigusa kompyuta, alikuwa anawalilia kuku wake tu, lakini mimi masikio yangu yalisikia habari ya faili langu. Yule asiye na salamu alikuwa anaomba nyayo, na mimi nilimpelekea uwanja uliofagiwa! Nikaanza kucheka, shangazi akazidi kukasirika, na marahaba yangu nikaipata baadaye sana, tukinywa uji. Kuku hawakuonekana, na mpaka leo hatujui nani aliyewala.

Nikashuka Masasi siku hiyohiyo. Safari hii nikaweka kipande cha faili kama kilivyo, Kimakonde chake na mivunjiko yake. Nikaweka na maagizo yangu yote, nikaeleza nilitaka nini na nimepata nini. Yule yule akajibu, salamu bado hana: "Mistari unayoiona mitupu, si mitupu. Ina nafasi ndani yake." Kumbe vidole vyangu vilikuwa na mazoea ya kugonga kitufe cha nafasi kabla ya kushuka mstari wa chini. Jicho halioni kitu, kompyuta inaona. Kwenye ule mfano wangu wa heshima nilichapa kwa uangalifu, sikugonga. Akanionyesha pa kurekebisha, nikaendesha skripti, na beti zikatengana mbele ya macho yangu. Nikalia pale pale dukani, wateja wakinitazama.

Mwishoni akauliza lugha ile ni ya wapi. Nikamjibu kwa maelezo marefu, salamu za familia zikiwemo.

Usinitake nikufafanulie vizuri jinsi mstari mtupu unavyoweza kuwa na kitu ndani. Nimelikubali tu, kama nilivyoyakubali mengine ya dunia hii. Ila hili la kuomba msaada nalijua, nawe ulishike. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao hawakuwahi kuona kompyuta. Unapowaendea watu na tatizo, wapelekee tatizo lenyewe, na matope yake, usiwapelekee picha yake uliyoipaka poda. Waambie ulichojaribu hata kama unaona ni cha kijinga. Wakikuuliza, usinune, kwa maana asiyekujali hakuulizi. Na asiyekupa salamu si lazima awe adui, huenda ameshainama anatafuta nyayo zako. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Kitabu nilikipandisha Chilangala wiki ya Pasaka, na jalada la buluu nililitafuta duka hadi duka, kwa kuwa nilishasema. Mwalimu alikisogeza karibu na pua, akafungua, akapitisha kidole polepole mpaka mwisho wa ubeti wa kwanza. Kidole kikasimama pale pasipo na neno. "Umepaacha," akasema. "Hapa ndipo watu wanapovuta pumzi." Akaimba wimbo wote akisoma kwa macho yake mwenyewe, na shangazi akaacha sufuria jikoni akaja kuitikia. Pasaka iliyofuata Mwalimu aliimba kwa kukumbuka, na kwaya ikasoma.

Haya, lete hiyo simu, tuwaonyeshe faili lenyewe. Nawe mwanangu, Mungu akupe watu wa kukuuliza maswali magumu na moyo wa kuwajibu. Aibu isikufungie mlango wa msaada. Na katika kila kazi ya mikono yako, akuachie mahali pa kuvuta pumzi.